Gati la nyumbani: usikimbilie zege

Kama kahawa ya Mbinga imekulipa ukajenga Mbamba Bay au Liuli, na sasa unataka pa kufunga boti, usikimbilie nguzo za zege. Ziwa Nyasa hupanda mvua zinapoelekea kuisha, kisha hushuka hadi Novemba. Gati lililolingana na boti mwezi Mei litakuacha ukiruka mwisho wa mwaka. Mimi nashauri gati la kuelea: mbao juu ya mapipa ya plastiki yaliyozibwa vizuri, nanga mbili, kamba ndefu. Upepo wa kusini ukichafuka, unalivuta nchi kavu. Zege hulivuti! Halafu Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, kwa hiyo pita kwanza Halmashauri ya Nyasa kabla hujanunua hata msumari.