Namba Isiwagombanishe

Hivi shoga yangu, siku mumeo akikuta kwenye pochi yako karatasi ya hospitali imeandikwa "K63.8", atafikiri nini? Rafiki yangu mmoja yalimkuta. Mwanaume alinuna wiki nzima, kichwani ameshaamua: ni kansa, au kuna ugonjwa anafichwa.

Niliwaambia wote wawili hivi. Zile ni namba za orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani (WHO), ile ICD-10. Kansa ya utumbo mpana ni C18. Kufunga choo ni K59.0. K63.8 ni kapu tu la magonjwa mengine ya utumbo, na humo ndimo huingizwa utumbo mpana uliobadilika rangi ukawa kahawia au mweusi.

Unabadilishwa na nini? Mara nyingi ni sanamaki au shubiri, zilizomo kwenye baadhi ya zile chai za kupunguza tumbo tunazokunywa miezi na miezi kwa kujificha. Rangi yenyewe haina madhara. Ukiacha chai, hufifia baada ya miezi kadhaa. Na mafuta hayaondoki ng'o! Kinachotoka ni maji na choo tu.

Ila choo chenye damu usikisingizie chai, wahi kwa daktari. Karatasi ikikutatiza, mwambie akusomee kwa maneno. Halafu ukifika nyumbani, mweleze mwenzio unakunywa nini. Siri ya kikombe isigeuke ugomvi wa chumbani.

Tukutane mwezi ujao!