Tunamcheka Dada, Tunamwacha Muuza Mkorogo

Wadau, kuna mchezo mmoja tunaupenda sana hapa mjini. Msanii wa kike anapigwa picha, na kabla hajamaliza chai yake tayari tumeshaiweka kando ya picha yake ya zamani. Ya zamani mweusi, ya sasa mweupe. Ya zamani kimbaumbau, ya sasa ana makalio. Kisha kijiweni, kwenye daladala na saluni hukumu inapita: limbukeni, hajiamini, anaiga Wazungu, uso Fanta miguu Coca-Cola.

Mimi nakula kwa kuandika habari, kwa hiyo najua picha za namna hiyo zinavyouza gazeti. Lakini leo naomba tuulizane: huyu dada tunamkosoa kwa lipi hasa?

Nitangulize kusema kwamba mkorogo siutetei. Haidrokwinoni inaizuia ngozi kutengeneza melanini, ile rangi inayotukinga na jua. Ukiipaka kwa muda mrefu, unaweza kuambulia mabaka meusi ya kibluu ambayo kuyatoa ni kazi kwelikweli. Zebaki inapenya kwenye ngozi na kuumiza figo. Krimu za steroidi kali zinaikondesha ngozi mpaka inachanika kirahisi na kuchelewa kupona. Kwenye upasuaji wa kuongeza makalio kwa mafuta nako si mchezo. Mwaka 2017 jopo la madaktari bingwa lilikadiria kwamba mtu mmoja hufa katika kila upasuaji 3,000 hivi, kwa sababu mafuta yakiingia kwenye mshipa mkubwa yanasafiri mpaka kwenye mapafu.

Hatari ipo. Ila nani kati yetu anayetaja figo au mapafu anapomsema msanii? Sisi tunataja aibu tu.

Halafu hebu tuwe wakweli. Binti mweupe tunamwita rangi ya mtume, kana kwamba wengine walipakwa rangi na shetani. Binti mweusi tunamsifia hivi: "Mweusi, lakini mzuri." Isikilizeni vizuri hiyo "lakini". Mwaka 2014 Lupita Nyong'o alisimama mbele ya watu kule Hollywood akaeleza kwamba utotoni alikuwa akimwomba Mungu aamke akiwa mweupe. Huyo ni mtoto aliyekulia Kenya, akizungukwa na watu weusi wenzake. Hiyo "lakini" inaanza kumwingia mtoto kabla hajajua hata bei ya krimu. Akikua, akapata hela na akafanya kile tulichomfundisha, tunamgeuzia kibao.

Na wanaume je? Kuna waheshimiwa wangapi wanaopaka piko kila wiki, nywele nyeusi tii na miaka sabini mgongoni? Sijawahi kuona gazeti likizungushia duara jekundu nywele za mzee.

Tena mara nyingi tunahukumu bila kujua. Michael Jackson alisemwa dunia nzima kwamba anaukimbia weusi wake. Mwaka 1993 alimwambia Oprah Winfrey kwamba ana ugonjwa wa ngozi, wengi wakacheka. Alipofariki mwaka 2009, uchunguzi wa maiti ulithibitisha kwamba kweli alikuwa na vitiligo, yaani mbalanga. Waliomcheka hawakumwomba radhi.

Lakini kinachoniuma zaidi ni hiki. Mwaka 2014 Vera Sidika wa Kenya alikiri hadharani kwamba ameibadilisha rangi yake, na kwamba mwili ni wake. Alishambuliwa vibaya sana. Wenzake waliokuwa wakiangalia walijifunza nini? Kwamba ukweli una adhabu. Ndiyo maana ukimuuliza msanii siri ya ngozi yake, utaambiwa ni maji mengi na matunda. Msichana wa kidato cha tatu anakunywa maji, anakula mapapai, haoni kitu. Mwisho anakwenda kununua kikopo kisicho na jina, kimechanganywa chumba cha nyuma. Uso ukiungua, anajifungia ndani. Hospitali haendi, maana anaijua kejeli inayomsubiri njiani. Kicheko chetu hakijamwokoa. Kimemficha tu.

Na wakati tunacheka, muuzaji anahesabu hela. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku Tanzania miaka mingi, tangu enzi za TFDA. Mwaka 2019 kazi ya kusimamia vipodozi ikahamia TBS. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa vipodozi vyenye zebaki inayozidi sehemu moja katika milioni, na mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana kuondoa hata kiwango hicho. Sheria zipo, na vikopo vipo sokoni. Nani anaviingiza? Vinapita wapi? Hayo ndiyo maswali ya mwandishi, ila yanahitaji miguu, na picha mbili za msanii hazihitaji hata nauli.

Simaanishi mastaa wasiguswe. Staa akilipwa kutangaza krimu asiyojua ndani yake mna nini, akawauzia mashabiki wake wadogo, huyo mbaneni bila huruma. Akisema uongo ili auze, muumbueni. Hapo anagusa ngozi za wengine. Lakini alichofanya kwenye ngozi yake mwenyewe, kwa pesa yake, hakitupi ruhusa ya kumdhalilisha.

Kwa hiyo wadau, kabla hatujacheka picha inayofuata, tujiulize: tunataka mabinti wawe salama, au tunataka tu kitu cha kucheka?

Nawasilisha.