Kona ya Kompyuta: Mstari Mwekundu si Mwalimu

Wanachama wenzetu, kila msimu wa insha ukifika swali ni lilelile: nifanyeje ili kompyuta iache kupigia mstari mwekundu kila neno la Kiswahili?

Kompyuta tunazonunua hapa London huja zikidhani kila kinachoandikwa ni Kiingereza. Dawa ni kuongeza kamusi. Tuchukue LibreOffice, kwa kuwa ni ya bure. Unapoisakinisha kwenye Windows, chagua Custom, ingia kwenye Dictionaries, washa Swahili. Kwenye Ubuntu au Debian, kifurushi kinaitwa hunspell-sw. Viendelezi vingine huja kama faili inayoishia na .oxt: fungua Tools, kisha Extensions, bonyeza Add. Dirisha hilohilo ndimo unamozima, kusasisha na kuondoa. Usirundike usivyovitumia. Mwisho, teua maandishi yako na uweke lugha kuwa Kiswahili cha Tanzania.

Mistari itapungua, lakini haitaisha, na ni vizuri kujua kwa nini. Kamusi hii huendeshwa na Hunspell, programu iliyotengenezwa kwanza kwa ajili ya Kihungari, lugha inayorundika viambishi mwishoni mwa neno. Kwa kawaida Hunspell huweza kuvua tabaka mbili za viambishi nyuma, lakini mbele moja tu. Sisi mzigo wetu uko mbele. Tazama hatutawaambia: ha-, -tu-, -ta-, -wa-, ndipo mzizi. Mtengenezaji wa kamusi hulazimika kuunganisha vipande hivyo kuwa kimoja, au kuorodhesha neno zima. Kwa nafsi sita za mtenda, sita za mtendwa na njeo nne tu, kitenzi kimoja kina maumbo zaidi ya 100, na bado hujakanusha wala kugusa ngeli nyingine. Lazima mengine yasahaulike.

Sasa andika: vitabu zangu zimepotea. Hakuna mstari hata mmoja! Kila neno likisimama peke yake ni sahihi. Kamusi haijui upatanisho. Halafu mwenye asili ya Mombasa aandike mtele, na mwenye asili ya Bukavu aandike batoto. Hapo kuna hatari ya kupigiwa mstari.

Kwa sisi tuliojifunza Kiswahili nyumbani, jambo hili si dogo. Upatanisho ndio unaotusumbua, na hapo kompyuta inanyamaza. Maneno ya mama na bibi ndiyo tuliyo na uhakika nayo, na hapo inapiga kelele. Ukiutii mstari bila kufikiri, utafuta ya bibi na kubakiza kosa.

Kwa hiyo jitengenezee kamusi ya pili. Kwenye Options, tafuta Writing Aids, bonyeza New, uiite Nyumbani. Neno la kwenu likipigiwa mstari, bofya kulia na uliongeze humo. Ni faili ndogo ya maandishi, unaweza kumtumia ndugu yako. Ila ipitie mara kwa mara: neno lililoingia na herufi mbaya halitapigiwa mstari tena mpaka ulitoe.

Katika insha tumia Kiswahili sanifu, mwalimu anakitaka. Lakini ngeli mpelekee yeye, usiiachie kamusi.