Nyumba ya Mbali na Jirani wa Karibu

Kila ifikapo Desemba, skuli zinapofungwa, barabara ya Nairobi hadi Mombasa hujaa magari ya watu wa bara washukao pwani. Wengi hupanga mikahawani. Lakini wapo ambao hawana haja ya mkahawa. Wana nyumba zao Mtwapa, Kikambala, Diani, Watamu na Malindi. Miongoni mwao wamo wenzetu wa Meru na Embu, watu wa chai, kahawa na miraa, na wengine ni wafanyakazi wa ofisi waliojinyima mpaka wakapata ploti karibu na bahari.

Wiki tatu hivi nyumba hizo huwaka taa na watoto hukimbia ufukweni. Kisha gari hupakiwa, lango hufungwa kwa mnyororo, na sauti inayobaki ni ya askari na redio yake. Miezi kumi na moja nyumba hulala.

Nasi wenyeji, tukiwa barazani baada ya Alasiri, husema maneno yetu. Twasema pwani imeuzwa. Twasema njia ya kwenda baharini imezibwa kwa ukuta. Twasema watu wa bara wana pesa lakini hawana salamu. Katika maneno hayo mna kweli nyingi. Lakini mna pia jambo tunalolisahau, nalo ndilo lililotutia kalamu mkononi leo.

MBWAA

Wameru wana simulizi ya asili yao ambayo wazee wao wameipokezana tangu zama. Wasema wahenga wao walikaa mahali paitwapo Mbwaa, penye maji makubwa. Hapo walitawaliwa na watu waitwao Nguuntune, yaani wenye nguo nyekundu, waliowatesa na kuwapa kazi zisizowezekana. Waliwaambia watengeneze kiatu cha ngozi chenye manyoya pande zote mbili. Waliwaambia watengeneze mkuki utakaofika mbinguni.

Mwishowe watu hao walitoroka usiku wakiongozwa na mzee wao, ambaye katika simulizi huitwa Koomenjwe. Aliyapiga maji kwa fimbo yake, wakavuka. Waliovuka usiku wakaitwa Njiru, weusi. Waliovuka alfajiri wakaitwa Ntune, wekundu. Waliovuka jua limetoka wakaitwa Njeru, weupe. Mpaka leo mgawanyiko huo wa koo wajulikana Umeruni.

Mbwaa ni wapi? Mwanahistoria Jeffrey Fadiman, aliyekusanya simulizi nyingi za wazee wa Meru, amepaweka kwenye kisiwa cha Manda, ng'ambo tu ya Lamu. Si wataalamu wote waliokubaliana naye. Na kuhusu hao wenye nguo nyekundu, wako wasemao kuwa ni Waarabu wa pwani, au ni sisi wenyewe Waswahili wa zamani hizo.

Hatulisemi hili ili mtu yeyote aende ofisi ya ardhi kudai Manda kwa hadithi ya bibi yake. Simulizi si hati. Tunalisema kwa sababu mtu wa Meru ashukapo pwani na watoto wake, huenda kwa hesabu ya wazee wake haji ugenini hata kidogo. Anarudi alikotoka. Tofauti ni kwamba babu yake alitoka usiku kwa hofu, naye anarudi mchana akiwa na hati mkononi.

MLIMANI NAKO

Asidhani mtu kwamba jambo hili ni la pwani peke yake. Apande hadi Timau, huko Meru, mahali penye baridi na ngano, unapoamka asubuhi ukauona mlima na theluji yake, mlima ambao Wameru huuita Kirimaara. Huko nako matajiri wa Nairobi na wageni wa ng'ambo wanatafuta nyumba za mapumziko zenye jiko la kuni na dirisha la kutazamia mlima. Madalali wapo. Na mzee wa Meru asema yale yale asemayo mzee wa Watamu: vijana wanauza ekari ya baba, wananunua gari, gari linaharibika, na ekari hairudi.

Sheria ilijaribu kuweka kizuizi. Ardhi ya kilimo iliyo chini ya Bodi ya Usimamizi wa Ardhi haiuzwi bila idhini ya bodi hiyo, na ombi lapasa kupelekwa katika miezi sita tangu mapatano yafanywe. Bila idhini, mauzo ni batili. Asiye raia wa Kenya hawezi kupewa idhini hiyo ila kwa ruhusa maalumu ya Serikali. Hiyo ni sheria ya mwaka 1967. Kisha Katiba ya 2010, katika kifungu cha 65, ikaongeza kwamba asiye raia hawezi kumiliki ardhi milele. Atapewa ukodishaji usiozidi miaka 99. Hata kampuni haihesabiwi kuwa ya raia ikiwa hisa yake moja tu i mikononi mwa mgeni.

Hapa msomaji wa pwani na atege sikio. Ndugu yetu aliyehamia Maskati, akachukua uraia wa huko na hana tena wa Kenya, mbele ya Katiba hiyo ni mgeni kama Mtaliano wa Malindi. Babu yake kazikwa Takaungu, naye hawezi kununua hapo Takaungu zaidi ya miaka 99. Ni jambo la kuuma, lakini ndilo lililoandikwa.

NA SISI JE?

Tumewasema wa bara, tumewasema wa ng'ambo. Yafaa tujitazame nasi katika kioo.

Watoto wetu walio Ghuba na Ulaya wananunua. Dubai ilifungua mlango wa umiliki kwa wageni mwaka 2002, na mwaka 2006 ikatungwa sheria yake. Omani nayo mwaka huo huo wa 2006 iliruhusu wageni kumiliki katika mitaa maalumu ya utalii. Wengine wamevutwa na Istanbul, mji wa misikiti, ambako tangazo lasema ukilipa leo utapokea kodi kesho. Basi yule tunayemlaumu kwa kufunga lango Mtwapa, na sisi tumefunga lango letu kwenye ghorofa ya ishirini katika mji tusiomjua hata jirani mmoja.

Hatusemi ni haramu. Kusafiri ni halali, kununua ni halali, na kupumzika ni haki ya mwili. Tunasema mtu apime kabla ya kukata, kwani fimbo ya mbali haiui nyoka.

Kwanza, hesabu. Tuchukue mfano. Mtu amenunua nyumba pwani kwa shilingi milioni 12. Dalali amemwambia ataipangisha kwa shilingi 8,000 kwa usiku, na akapata wageni siku 90 kwa mwaka. Hizo ni shilingi 720,000, na masikio husimama. Lakini askari wa shilingi 18,000 kwa mwezi ni 216,000 kwa mwaka. Wa kufagia na kutunza bustani kwa 15,000 ni 180,000. Dalali akichukua 15 katika kila mia ni 108,000. Chumvi ya bahari hula bati, misumari na rangi, tuseme 100,000. Umeme, maji na kodi ya baraza 60,000. Jumla ni 664,000. Kilichobaki ni shilingi 56,000, ambayo haifiki hata nusu shilingi kwa kila mia aliyoitoa. Na hapo bomba halijapasuka.

Akiwa alikopa kwa riba ili anunue, basi amejitia katika mambo mawili, hasara ya dunia na swali la Akhera. Hana udhuru wa kusema hapakuwa na njia nyingine, kwani tangu mwaka 2008 nchi hii ina benki zifuatazo sharia, nazo huuza nyumba kwa faida iliyotajwa wazi. Naye akae na mwanachuoni amfafanulie zaka yake. Nyumba ya kukaa haina zaka. Ya kupangisha, hutazamwa kodi iliyohifadhiwa ikafika nisabu na kupitiwa na mwaka. Na ile iliyonunuliwa kwa nia ya kuiuza tena ni bidhaa kama bidhaa nyingine, hutolewa thamani yake mbili na nusu kwa mia. Watu wengi huchanganya hizi tatu, na wengine huchanganya kwa makusudi.

Pili, hati. Pwani yetu ina jambo ambalo mtu wa Meru au Embu halijui, kwa kuwa kwao mashamba yalipimwa na kuandikwa tangu siku za mwisho za ukoloni. Hapa mna nyumba bila ardhi: mwenye nyumba ni mmoja, mwenye kiwanja ni mwingine, na huyu humlipa yule kodi ya ardhi mwaka hata mwaka. Mna wakfu, ambayo haiuzwi. Mna mashamba ya watu wasiokuwapo, na juu yake vijiji vilivyokaa vizazi kadhaa. Anunuaye kwa kuonyeshwa bahari tu, bila kuuliza nani amekaa hapa na kwa haki gani, amenunua kesi. Na amewanunulia wengine dhiki, kwani kesi hiyo humalizikia kwa tingatinga na vilio.

MIRATHI

Tatu, na hili ndilo zito kuliko yote, ni mauti.

Hapa Kenya, Mwislamu akifa mali yake hugawanywa kwa sharia ya Kiislamu mbele ya Kadhi. Sheria ya Urithi ilipoanza kutumika mwaka 1981, Waislamu waliilalamikia, na mwaka 1990 ikarekebishwa ili wasifungwe na vifungu vyake vya ugawaji. Yalikuwa madai ya miaka mingi na wazee wetu waliyapigania.

Lakini nyumba iliyo nchi nyingine aghalabu hufuata sheria ya nchi ilipo, si ya mtu anakotoka. Chukua hiyo Istanbul. Uturuki iliacha sheria ya Kiislamu katika mirathi mwaka 1926, ikachukua kanuni zilizotokana na za Uswisi, na nyumba iliyo katika ardhi yake hugawanywa kwa kanuni zake, awe marehemu ni nani. Mtu aweza kuona minara sita dirishani, na bado nyumba yake isigawanywe kwa faraidhi. Wasia usioandikwa mapema na wakili ajuaye pande zote mbili huwaachia watoto fitina badala ya urithi. Tumeyaona ya ndugu waliogombea kiwanja cha futi hamsini kwa mia pale Kisauni, na wote wapo mji mmoja. Itakuwaje ghorofa iliyo ng'ambo ya bahari, na hati yake imeandikwa kwa lugha ambayo hapana hata mmoja nyumbani aisomaye?

JIRANI

Mwisho twarudi langoni.

Mwezi Mei 2024 Gavana wa Mombasa alipiga marufuku muguka, ile mirungi ya Embu, na Kilifi ikafuata. Wazazi wa pwani waliunga mkono kwa kuwa wameona vijana wao wanavyoharibika. Wakulima wa Embu walilia kwa kuwa karo za watoto wao hutoka kwenye kichaka hicho. Mahakama ya Embu ikasimamisha marufuku hiyo, na Serikali Kuu ikasema haina nguvu ya sheria. Sisi twasimama na wazazi wa pwani. Lakini tuliona jambo la kusikitisha: pande mbili hizo zilisemezana kupitia mahakama na magazeti, kana kwamba hawajawahi kunywa chai pamoja. Na kweli, wengi hawajawahi. Kinachowaunganisha ni gunia la majani na nyumba iliyofungwa.

Haikupasa iwe hivyo. Mjini Meru uko mtaa wa Majengo, na Embu vilevile, na huko adhana husikika kila siku. Waswahili walifika sehemu hizo na maboma ya mwanzo ya wakoloni, wakaoa, wakazaa, wakazikwa huko. Hawakwenda kwa likizo. Ndiyo maana leo hakuna awaitaye wageni.

Kwa hiyo tunalo neno kwa kila aliye na nyumba mahali si kwao, awe wa Embu aliye Diani, wa Nairobi aliye Timau, au wa Mombasa aliye Dubai. Siku ya kwanza, kabla ya kufungua sanduku, nenda kabishe hodi kwa jirani. Muulize njia ya wavuvi ipite wapi kabla hujajenga ukuta. Mlipe askari wako mshahara wa kutosha, kwani yeye ndiye mwenye nyumba miezi kumi na moja. Na ukiondoka, mwachie jirani ufunguo.

Nasi wenyeji tunalo letu. Tusimwuzie mtu ploti asubuhi tukamchukia jioni. Akija na salamu, tuipokee kwa iliyo bora zaidi, kama tulivyoamrishwa. Wenye nguo nyekundu wa Mbwaa hawakusemwa kwa kabila lao. Walisemwa kwa kuwadai wenzao yasiyowezekana na kutowaonea huruma. Nguo hiyo mtu yeyote aweza kuivaa, mnunuzi na mwenyeji, wa bara na wa pwani.

Nyumba njema si mlango, walisema wahenga. Lakini mlango usiofunguliwa mwaka mzima, nani atajua wema uliomo ndani?