Dipoziti Hulindwa Siku ya Kuingia

Jamani, nilipohama Kasarani mwaka jana, mwenye nyumba alinikata shilingi 9,000 za rangi kwenye dipoziti ya 18,000. Madoa yale niliyakuta! Nilipomwambia hivyo akacheka: "Kijana, onyesha." Picha nilipiga, lakini simu ikaibwa, na nakala pekee ni zile nilizomtumia dadangu kwa WhatsApp. Sasa, WhatsApp hubana picha na kuiondolea data ya ndani, yaani tarehe na saa ilipopigwa. Zikawa picha za ukuta tu. Nami ndiye huwahubiria wateja kila siku waweke nakala mbili. Aibu iliyoje!

Kwa hivyo, msomaji, kabla hujaingiza hata godoro, piga picha kila ukuta, bomba, kioo na mita ya stima. Zitume faili zenyewe kwa baruapepe, kwako na kwa mwenye nyumba. Tarehe itaandikwa na seva, si wewe wala yeye. Dipoziti lipa kwa M-Pesa na uhifadhi ule ujumbe. Keshi bila risiti ni sadaka.

Wapo wanaokaa mwezi wa mwisho bila kulipa. Mchezo huo siupendi, unampa sababu ya kukufungia mlango. Akikataa kurudisha, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi 2021: madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, wakili si lazima, na sheria inataka uamuzi ndani ya siku 60. Lakini hata huko utaambiwa, onyesha.

Zile 9,000 zangu bado anazo.