Breki Kwanza, Mbio Baadaye

Wenzangu, likizo iliyopita mimi na ndugu yangu tuliunda kigari cha mbao cha kuteremkia kilimani, mtu amelala chali, miguu mbele. Tulikitia beringi kuukuu 4. Kilikwenda kama mshale! Lakini breki zetu zilikuwa visigino vitupu, na vya ndugu yangu vilichubuka vibaya. Baba akakitia kigari motoni.

Kwa heshima zote, nionavyo mimi hiyo si dawa. Kosa letu lilikuwa kutanguliza mbio. Darasani tumefundishwa kwamba mwendo ukizidi mara 2, masafa ya kusimama baada ya kushika breki huzidi mara 4. Visigino vitafaa nini? Kwingineko duniani, wachezaji wa mchezo huu hubandika mpira wa tairi chini ya viatu, huvaa kofia ngumu, na hushindana katika barabara iliyofungwa. Nasi katambuga tunazo!

Basi nawaomba walimu waturuhusu kuunda vigari karakanani, fundi akikagua breki kwanza. Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Mimi nasema, mfundisheni kwanza kuushika.