Msimlaumu Kunguru Peke Yake
Bibi yangu, Temeke, hakuwa na saa. Tetere alipoanza kulia kwenye mwembe wa uani, aliniamsha: “Mjukuu wangu, kumekucha.” Hata leo nikimsikia tetere, nasikia na harufu ya chai yake ya mchaichai.

Siku hizi naamshwa na kunguru. Mnamlaani kwamba anakula mayai na makinda ya ndege wengine. Ni kweli. Lakini aliletwa Unguja miaka ya 1890 ili ale taka, na mpaka leo hatujaacha kumtupia. Mwembe wa bibi tuliukata sisi, tukamwaga zege. Kunguru hashiki shoka. Muueni mkitaka, tetere atatua wapi? Funikeni mapipa, pandeni miti, ndipo mlalamike.